Mtoto Huyu Ana Miaka Mingapi?

Kila mwezi wa Septemba mimi huketi nyuma ya meza ya kuandikisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mbele yangu huwa pana daftari, kalamu mbili, na mstari wa akina mama unaofika hata kwenye lango. Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa Kikula alifika akimshika mkono mwanawe wa kiume. Nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mzazi: “Mama, mtoto huyu ana miaka mingapi?” Akajibu bila kusita: “Sita, Mwalimu.” Mtoto akainua uso, akamtazama mama yake kwa mshangao, akasema kwa sauti kubwa: “Mama, miye niko na miaka tano!”

Akina mama waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Mama yule hakucheka.

Sababu yake naijua, nanyi mnaijua. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile zetu za Kikatoliki zilizo chini ya mkataba na serikali, hazidai tena minervali. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuahidi jambo hilo katika kifungu cha 43, lakini wazazi walingoja miaka kumi na mitatu. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema mtoto aanze shule ya msingi akiwa na miaka sita. Mtoto wa miaka mitano, basi, nafasi yake ni nyumbani au katika shule ya chekechea, ile tunayoiita maternele, na huko kwa kawaida wazazi hulipa. Kwa hiyo mwaka mmoja ukiongezwa kwa mdomo humfungulia mtoto mlango wa bure. Mama hakuiba fedha ya mtu. Alisema “sita” badala ya “tano”, basi.

Nilipokuwa natazama daftari langu siku ile, nilijiuliza uongo huu ulianza lini katika nchi yetu. Nimeufuata nyuma kadiri nilivyoweza, na hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Zamani za babu zetu hakuna mtu aliyedanganya miaka ya mtoto, kwa sababu hakuna aliyeihesabu. Watu walijua nani ni mkubwa na nani ni mdogo, nani amekwisha kuota meno, nani anaweza kuchunga mbuzi, nani yuko tayari kuoa. Walijua kwamba fulani alizaliwa mwaka wa njaa, na fulani mwaka ule mto ulipofurika. Hata hapa Likasi wazee wetu wanaendelea kuhesabu hivyo. Mzee mmoja wa parokia yetu akiulizwa tarehe yake ya kuzaliwa hujibu kwamba mama yake alikuwa na mimba yake wakati wa vita vya ONU. Maana yake ni Septemba 1961, askari wa Ireland walipozingirwa katika mji huu uliokuwa ungali ukiitwa Jadotville, wakapigana siku tano, kisha wakajisalimisha. Ukiufuata ushahidi wake, mzee huyo alizaliwa mwishoni mwa 1961 au mwanzoni mwa 1962. Kwenye karatasi zake pameandikwa 1958. Sijamwuliza nani aliyeyaandika hayo, wala kwa faida gani.

Wa kwanza kuuliza miaka kwa kutaka tarakimu ni Bula Matari. Mwaka 1910 serikali ya Wabelgiji iliweka kodi ya kichwa kwa kila mwanamume mweusi aliyefikia utu uzima. Lakini utu uzima ni nini mahali ambapo hakuna cheti cha kuzaliwa? Karani alimtazama kijana kwa macho: kimo chake, kifua chake, ndevu kama zipo. Baba aliyesimama karibu alisema, “Huyu bado mtoto.” Kwa majirani wetu wa Kenya mambo yalikuwa vilevile. Sheria ya 1915, iliyoanza kutumika 1919 baada ya Vita Kuu, ilimlazimu kila mwanamume mweusi wa miaka kumi na sita au zaidi kuchukua kipande, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Kipande kilimfunga kijana kwa bwana wa shamba. Mzazi aliyemfanya mwanawe wa miaka kumi na saba awe wa kumi na mine alikuwa akimnunulia miaka michache ya kukaa nyumbani.

Je, baba huyo alitenda dhambi? Mimi, kwa maoni yangu, siharakishi kumhukumu. Mara nyingi hata yeye hakujua hesabu kamili, naye aliulizwa na mtu mwenye bunduki aliyetaka kumnyang’anya kitu. Tena hatuko peke yetu katika historia hiyo. Katika Misri iliyotawaliwa na Warumi, mvulana alianza kulipa kodi ya kichwa akitimiza miaka kumi na minne, na hesabu ya watu ilifanywa kila baada ya miaka kumi na minne, ili pasiwe na mvulana anayeweza kukua bila kuonwa. Mwandishi Mkristo Lactantius, aliyeishi nyakati za dhuluma, anasimulia hesabu ya watu iliyoamriwa na Kaisari Galerius mwanzoni mwa karne ya 4. Anaeleza kwamba wakaguzi wenyewe waliwaongezea watoto miaka na kuwapunguzia wazee, ili wote waingie katika kundi la kulipa. Basi uongo juu ya umri haukutoka daima katika kinywa cha maskini. Mara nyingine dola ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Hapa Katanga jambo lilichukua sura nyingine pamoja na shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka ishirini hivi ilitafuta watu mbali, ikawatumia kwa muda mfupi, ikawarudisha kwao, nao wengi walikufa au walitoroka. Tangu 1928 kampuni ilibadili mwenendo. Ilitaka mtu mwenye mkataba wa miaka mitatu, mwenye mke, mwenye watoto watakaokulia kambini na kuwa wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo ikajenga nyumba, hospitali za uzazi, na shule zilizotunzwa na wamisionari, na kila juma ikagawa posho: unga, samaki, chumvi, mafuta. Mke alikuwa na fungu lake, na watoto pia.

Angalieni mageuzi hayo. Mbele ya mtoza kodi, ilifaa kijana aonekane mdogo au asionekane kabisa. Mbele ya mgawa posho, ilifaa mtoto aonekane, aandikwe, na adumu kuwa mtoto muda mrefu iwezekanavyo. Mpwa aliyetoka kijijini akawa mwana katika karatasi za mjomba. Mdogo wa baba akawa kifungua mimba chake. Desturi yetu, kweli, haimtengi mtoto wa ndugu na mtoto wa tumbo, na mjomba aliyesema “ni mwanangu” hakuona kwamba anadanganya. Lakini ili mpwa aingie katika karatasi, ilipasa umri wake upatane na ule wa watoto wengine. Mama hawezi kuzaa watoto wawili katika miezi mitano. Hapo ndipo kalamu ilipoanza kusogeza miaka, huyu mbele, yule nyuma, kama mtu anayepanga viti sebuleni. Kampuni ikawa mali ya taifa tarehe 1 Januari 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, lakini orodha ya watoto wa mfanyakazi ilibaki na thamani ileile: hospitali, shule, unga. Wengi wetu tuliozaliwa katika kambi za Panda na Shituru tulikuzwa na orodha hiyo. Mimi pia.

Sasa nieleze juu ya sikio. Wazee wenu watawaambia kwamba walipopelekwa shuleni, mwalimu hakuomba cheti. Alimwambia mtoto apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Aliyelifikia aliingia darasani. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kucheza. Jaribio hili lilienea Afrika Mashariki yote, na lina akili yake. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na mikono yake ni mifupi. Mikono hurefuka upesi kuliko kichwa, na karibu na miaka sita au saba vidole hufikia sikio. Hata hivyo mtoto aliyedhoofishwa na njaa hushindwa akiwa na miaka minane, na mwenye mikono mirefu hufaulu akiwa na mitano. Wazazi walilijua hilo. Baba yangu alinizoeza jioni uani, akanifundisha kuinamisha kichwa kidogo upande, kiasi ambacho mwalimu asingetambua. Nilifaulu.

Mnaona jinsi neno la mzazi lilivyokwisha kupoteza thamani: mwili wa mtoto ndio ulioitwa kutoa ushahidi, na mzazi akaufundisha mwili pia kusema uongo.

Msidhani kwamba ni sisi tu. Uingereza, mwaka 1833, sheria ilikataza viwanda vya nguo kuwatumia watoto walio chini ya miaka tisa, na kati ya tisa na kumi na mitatu iliweka kikomo cha saa. Lakini kuandikisha vizazi serikalini kulianza huko Julai 1837 tu. Kwa miaka ile minne, umri ulikuwa neno la mzazi, na mzazi alihitaji mshahara wa mtoto. Alisema “tisa” kwa mtoto wa saba. Madaktari walipima kimo, lakini kimo kinadanganya kama mkono na sikio. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alichapisha kijitabu cha kushauri kwamba watoto wa viwandani wahesabiwe miaka kwa meno yao. Wazazi wangeweza kumzoeza mtoto kusimama kwa ncha za vidole, bali kumwotesha gego hawakuweza.

Hapo uongo umegeuka. Baba wa Kenya alipunguza miaka ili amfiche mwanawe asichukuliwe kazini. Mzazi wa Uingereza aliiongeza ili ampeleke kazini. Na hapa kwetu, katika kizazi chenu, huu wa pili ndio ninaouogopa. Sheria ya madini ya Julai 2002 inatoa kadi ya mchimbaji wa mikono kwa mtu mzima pekee. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka kumi na minane, nayo inakataza kumtia katika kazi zinazomdhuru. Lakini mnazijua njia za Kambove na za Shinkolobwe. Machimbo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na miezi sita baadaye shimo liliporomoka na kuwaua watu waliokuwa wakichimba bado. Kijana wa miaka kumi na minne akiulizwa na askari njiani husema “kumi na minane”, na baba yake aliye kando hunyamaza. Kunyamaza huko ni jibu. Lile lango la miaka kumi na minane halikujengwa ili kumtoza mtu kodi. Lilijengwa ili udongo usimwangukie mtoto, na anayelifungua ni yule aliyemzaa. Najua njaa ilivyo. Nimewahi kuishi miezi mingi bila mshahara, na simtupii jiwe baba huyo. Lakini siwezi kumweka pamoja na yule aliyemficha mwanawe asivikwe kipande.

Nirudi kwenye uongo mdogo, ule wa kuingia bure, maana mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake.

Palikuwa katikati ya miaka ya 1970. Mama yangu alikuwa akinipeleka kwa bibi, nasi tulipanda gari la moshi. Mnajua desturi ya magari ya moshi popote: mtoto mdogo kabisa halipi, aliyekua kidogo hulipa nusu. Leo kwenye reli mpya ya Kenya mpaka wa bure ni miaka mitatu, na kwenye ile ya Tanzania ni minne. Mimi nilikuwa na sita. Mama alinifunga mgongoni kwa kitenge, akaniambia nikunje magoti ili miguu isining’inie, nami nikakaa hivyo, jasho likinitoka, mpaka mkaguzi wa tiketi alipotufikia. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Hakumwuliza mama. Aliniuliza mimi: “Kijana, uko na miaka ngapi?” Nikasema: “Tatu.”

Nilisema vizuri sana. Mkaguzi akacheka, labda kwa sababu mtoto wa miaka mitatu asingeitamka hesabu yake kwa ufasaha huo, akapita. Kwenye kituo kilichofuata mama alininunulia ndizi kwa fedha ile iliyookolewa. Kisha akaniambia neno ambalo limekaa nami kuliko ile safari: “Baba asijue.” Baba yangu alikuwa amempa fedha ya nusu-tiketi.

Hapo tu ndipo nilipofahamu kwamba tulikuwa tumefanya jambo. Mpaka dakika ile nilidhani ni mchezo wa kukunja magoti. Kwa miezi mingi nilishindwa kumtazama baba akiniuliza habari za safari. Mama yangu alikuwa mwanamke mwema, mwenye kusali, aliyetulisha sisi saba, nami sisemi haya kumwaibisha, Mungu amrehemu. Fedha ile ya nusu-tiketi najua ilikwenda kwenye chumvi na sabuni. Ila ndizi niliyoila ilikuwa fungu langu katika jambo nisilolichagua.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko mambo yanakoishia. Kanisa lilianza kuandika vitabu vyake zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuwa na kitabu cha ndoa na kuwaandika wasimamizi wa ubatizo, na kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kilieleza namna ya kuandika mbatizwa. Wamonaki Wabenedikto walioletwa Katanga mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, walikuja na desturi hiyo. Ndiyo maana kwa familia nyingi za hapa mstari wa kitabu cha ubatizo ni andiko la kwanza, na mara nyingi la pekee, linalotaja siku ya kuzaliwa. Serikali nayo ina sheria yake: Sheria ya Familia ya 1987 iliwapa wazazi siku thelathini za kumwandikisha mtoto, na marekebisho ya 2016 yakazifanya tisini. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba, kati ya watoto wanne wenye chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyeandikishwa. Asiyeandikishwa kwa wakati hupata cheti kwa hukumu ya mahakama, na mahakama husikiliza nini? Mdomo wa mzazi.

Matokeo yake nayaona ofisini kwetu parokiani. Kijana mmoja alikuja kuomba cheti cha ubatizo apate kuoa. Kitabu kilisema 1999. Diploma yake ilisema 1997, kwa sababu baba alimwongezea miaka ili aanze shule mapema. Kadi yake ya timu ya mpira ilisema 2002, kwa sababu kocha naye alikuwa na hesabu zake, ingawa FIFA tangu 2009 hupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Aliniomba nimsihi paroko abadili mstari mmoja tu, ili cheti kipatane na diploma. Nikamjibu kwamba kitabu kile si changu wala si cha paroko. Akakaa kitini muda mrefu, akigeuza karatasi zake tatu mikononi kama mtu anayetafuta iliyo yake. Kisha akasema: “Mwalimu, mimi sikusema uongo hata mmoja. Wamesema wao. Lakini anayeulizwa ni mimi.”

Kuhusu yule mama wa Kikula, sikumwandika mtoto wake mwaka ule. Nilimweleza kwa sauti ya chini, watu wasisikie, kwamba darasa lilikwisha kuwa na watoto zaidi ya themanini, na kwamba wa miaka mitano hukaa nyuma asione ubao, kisha hurudia mwaka. Akaniuliza: “Na mwaka huu wote akae wapi, Mwalimu, nami niko sokoni toka asubuhi?” Sikuwa na jibu zuri. Nilimpeleka kwa masista wanaokusanya watoto wadogo asubuhi kwa mchango mdogo. Alikwenda siku tatu, nikasikia, kisha akaacha, fedha haikutosha.

Septemba iliyofuata alikuwa wa pili katika mstari. Alinisalimu, akaweka mezani cheti alichokipata kwenye komini, nami nikakisoma. Kabla sijafungua mdomo, mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akashika sikio la pili, akanitazama. Sijui nani alimfundisha. Nikafungua daftari, nikamwuliza: “Uko na miaka ngapi?”

“Sita,” akasema, na safari hii mama yake ndiye aliyecheka.